Neno moja, ngazi tofauti: namna ya kuoanisha istilahi za uainishaji kwa Kiingereza na Kireno

Chukua maneno matatu ya Kiingereza: “class”, “division” na “section”. Katika mfumo wa Dewey unaotumika maktabani, “class” iko juu kabisa, “division” inafuata, na “section” iko chini yake. Nenda kwenye ISIC, uainishaji wa shughuli za kiuchumi wa Umoja wa Mataifa, utakuta mambo yamegeuka miguu juu kichwa chini: “section” ndiyo ya juu, kisha “division”, kisha “group”, na “class” ni ya mwisho. Kwenye biolojia “class” hukaa katikati, na “section” ya wataalamu wa mimea iko chini ya jenasi. Kireno kina maneno hayo hayo, “classe”, “divisão”, “secção”, na kimeyapokea pamoja na vurugu zake zote.

Kwa hiyo jina la ngazi halikuambii ngazi yenyewe iko wapi. Kinachokuambia ni mambo matatu: mfumo gani, toleo gani, na msimbo una tarakimu ngapi. Ukivijua hivyo, neno sahihi hujileta. Ukianza na kamusi, utapata tafsiri inayosomeka vizuri na inayoelekeza mahali pasipo.

Anza na ufupisho

Vifupisho vya lugha hizi mbili mara nyingi ni herufi zile zile zilizopangwa upya, kwa kuwa Kireno hutanguliza nomino na kuleta sifa baadaye. DDC, yaani mfumo wa Dewey, ni CDD kwa Kireno. UDC, mfumo mwingine wa maktaba, ni CDU. HS, mfumo wa bidhaa wa Shirika la Forodha Duniani, ni SH. ICD, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ni CID. CN, orodha ya bidhaa ya Umoja wa Ulaya, ni NC. ISCO, uainishaji wa kazi, huitwa CITP Ureno na CIUO Brazili, kwa hiyo hapo lazima ujue kwanza msomaji wako ni nani.

Angalia na muktadha. Katika matini ya hospitali ICD inaweza kuwa orodha ya magonjwa, ambayo ni CID, au kifaa kinachopandikizwa kifuani kurekebisha mapigo ya moyo, ambacho kwa Kireno ni CDI. Herufi mbili zikibadilishana nafasi, mgonjwa anageuka takwimu.

Ipo pia mifumo isiyo na pacha wa Kiingereza: CNAE (shughuli za kiuchumi) na CBO (kazi) za Brazili, CAE (shughuli za kiuchumi) ya Ureno, NCM (bidhaa) ya nchi za Mercosur, jumuiya ya kibiashara ya Amerika Kusini. Hiyo uiache na jina lake. Eleza mara moja kwa maneno ni nini, kisha endelea na ufupisho wa asili. Usiibatize CNAE jina la ISIC kwa sababu tu imejengwa juu ya ISIC. Sababu utaiona kwenye mfano unaofuata.

Shusha kitu kimoja kupitia mifumo minne

Njia ya haraka ya kuelewa ngazi ni kuchukua kitu kimoja na kukiteremsha kila mfumo hadi chini. Kahawa inafaa, kwa kuwa ni mmea, ni bidhaa, ni zao na ni mada ya vitabu.

Kama mmea: himaya Plantae, oda Gentianales, familia Rubiaceae, jenasi Coffea, spishi Coffea arabica. Hakuna tarakimu hata moja. Ngazi inajulikana kwa neno linalotangulia jina na kwa kiambishi tamati cha jina lenyewe.

Kama bidhaa kwenye HS: “section” II, “chapter” 09, “heading” 0901, “subheading” 0901.11, yaani kahawa isiyokaangwa na isiyoondolewa kafeini. Kwa Kireno: “secção” II, “capítulo” 09, “posição” 0901, “subposição” 0901.11. NCM inaongeza “item” kwa tarakimu ya saba na “subitem” kwa ya nane, hivyo kahawa ya punje inakuwa 0901.11.10. Sifuri ya mwisho inasema kwamba “item” hiyo haikugawanywa tena.

Kama shughuli ya kiuchumi kwenye ISIC, marekebisho ya 4: “section” A, “division” 01, “group” 012, “class” 0127, ambayo inachukua mimea yote ya vinywaji, kakao na chai zikiwemo. Kwenye CNAE ya Brazili: “seção” A, “divisão” 01, “grupo” 01.3, “classe” 01.34-2, ambayo ni kilimo cha kahawa peke yake. Kakao ina “classe” yake, 01.35-1. Tazama vizuri. Majina ya ngazi yanalingana neno kwa neno na tarakimu mbili za kwanza ni zile zile, lakini kuanzia ya tatu njia zimeachana, na “class” ya ISIC ni pana kuliko “classe” ya CNAE. Anayekata tarakimu nne za kwanza za CNAE na kuziita ISIC anahamisha kahawa kwenda kusikojulikana. Isitoshe, ile “-2” si ngazi. Ni tarakimu ya uhakiki. Ngazi inayofuata ni “subclasse”, 0134-2/00, na hiyo haimo kabisa kwenye ISIC. CAE ya Ureno, katika marekebisho yake ya 3, inapitia kwanza uainishaji wa Umoja wa Ulaya, kwa hiyo inabaki karibu zaidi na ISIC: 01270, tarakimu tano, ya tano ikiwa ni “subclasse”.

Kama mada ya kitabu kwenye Dewey: “main class” 600, “division” 630, “section” 633, kisha 633.73. Mfumo una “main classes” 10, “divisions” 100 na “sections” 1000. Kireno: “classe principal”, “divisão”, “secção”. Baada ya nukta ngazi hazina majina tena. Ziite “subdivision” na “subdivisão” na uishie hapo. Usibuni. Kumbuka vilevile kwamba Dewey hujaza sifuri hadi zitimie tarakimu tatu, ilhali UDC haijazi: 600, 630 na 633 za Dewey huandikwa 6, 63 na 633 kwenye UDC. Anayehesabu tarakimu ili kujua ngazi lazima ajue yuko kwenye mfumo upi kati ya hiyo miwili.

Jambo moja zaidi kutoka mfano huu. Kwenye ISIC, herufi A haimo ndani ya msimbo 0127, na kwenye HS, namba ya Kirumi II haimo ndani ya 0901. Ngazi ya juu inapatikana kwa kutazama jedwali, si kwa kukata msimbo. Dewey inabeba ukoo wake wote ndani ya namba.

Biolojia: mahali maneno yanapolingana na sarufi inapogoma

Hapa orodha ni rahisi, na wengi huishia kwenye orodha. “Domain” ni “domínio”, “kingdom” ni “reino”, “phylum” ni “filo”, “class” ni “classe”, “order” ni “ordem”, “family” ni “família”, “genus” ni “género” Ureno na “gênero” Brazili, “species” ni “espécie”. Kwa Kiswahili: domeni, himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Nasi tuna mgongano wetu, maana ngeli ni ya sarufi pia.

Kwenye mimea, “division” na “phylum” ni ngazi moja. Kanuni za kutaja mimea zinakubali yote mawili. Kwa hiyo “divisão” ya kitabu cha mimea ni sawa na “filo”, wala haihusiani na “divisão” ya takwimu za uchumi. Fuata neno alilotumia mwandishi na usiyachanganye mawili katika matini moja, la sivyo msomaji atadhani ni ngazi mbili.

Sasa sarufi. Ngazi za Kireno zina jinsi: “o domínio”, “o reino”, “o filo” na “o género” ni za kiume, “a divisão”, “a classe”, “a ordem”, “a família” na “a espécie” ni za kike. Ukiunda sentensi ya kiolezo kwenye programu, kwa mfano “este ___ contém”, itavunjika kwa zaidi ya nusu ya ngazi. Andaa kiolezo kwa kila jinsi, au ipange sentensi upya ili isihitaji kiashiria.

Wingi nao una mitego. Kiingereza kinafuata Kilatini na Kigiriki: “phylum” wingi wake “phyla”, “genus” wingi “genera”, “taxon” wingi “taxa”. Kireno kinatumia wingi wake wa kawaida: “filos”, “géneros”, “espécies”. Gumu kuliko yote ni “species”, ambalo kwa Kiingereza halibadiliki. Kabla ya kuliandika kwa Kireno tazama kitenzi: “is” inakupa “espécie”, “are” inakupa “espécies”. Kwenye vichwa vya majedwali kitenzi hakuna. Hapo hesabu safumlalo zilizo chini. Vifupisho “sp.” na “spp.” havitafsiriwi katika lugha yoyote: cha kwanza ni spishi moja isiyotambuliwa, cha pili ni spishi kadhaa za jenasi moja.

Viambishi awali vinahitaji uangalifu wa tahajia. Kiingereza kinaunganisha tu: “subkingdom”, “superfamily”. Kireno kinaandika “subfilo”, “subordem”, “superfamília” bila kistari, lakini “sub-reino” na “super-reino” kwa kistari, kwa sababu ya “r” inayofuata. Na “infrarreino” kwa “r” mbili bila kistari. Programu ya kutafuta haitajua kwamba hizo ni ndugu.

Kisha viambishi tamati vya majina ya Kilatini, ambavyo havitafsiriwi lakini ndivyo vinavyokuonyesha ngazi pale mwandishi alipoiacha. Wanyama: -oidea kwa “superfamily”, -idae kwa “family”, -inae kwa “subfamily”, -ini kwa “tribe”, ambayo ni “tribo”. Mimea: -ales kwa “order”, -aceae kwa “family”, -oideae kwa “subfamily”, -eae kwa “tribe”. Herufi moja inatenganisha -oidea ya wanyama, iliyo juu ya familia, na -oideae ya mimea, iliyo chini yake. Kirekebisha tahajia hakitakuokoa. Familia nane za mimea zinaruhusiwa kubaki na majina ya zamani yasiyo na -aceae, kama Gramineae kwa Poaceae na Leguminosae kwa Fabaceae. Ukikuta jina kama hilo usilisahihishe.

Majina yaliyoingia katika lugha ya kawaida ndiyo hutafsiriwa: Felidae huwa “felids” kwa Kiingereza na “felídeos” kwa Kireno, Rubiaceae huwa “rubiáceas”. Haya huandikwa kwa herufi ndogo. “A família Rubiaceae” ni sawa, “as rubiáceas” ni sawa, “a família Rubiáceas” ni chotara.

Bidhaa: vistari ndivyo vinavyobeba ngazi

Kosa linaloonekana zaidi hapa ni kuita “heading” “título” au “cabeçalho”. Kwenye forodha ni “posição” tu. Matini rasmi za HS ni za Kiingereza na Kifaransa, na Kireno kinakwenda sambamba na “position” ya Kifaransa. Kinyume chake ni kibaya vilevile: “posição” ikirudishwa Kiingereza kama “position”, afisa wa forodha atakuelewa kwa shida.

Chini ya 0901 maelezo yamepangwa kwa vistari. Kistari kimoja: “Café não torrado”. Vistari viwili chini yake: “Não descafeinado”, 0901.11, na “Descafeinado”, 0901.12. Kistari kimoja tena: “Café torrado”, halafu viwili: 0901.21 na 0901.22. Mistari yenye kistari kimoja iliyogawanywa haina msimbo wake. Ukinakili jedwali na kuchukua safumlalo zenye msimbo pekee, mistari hiyo hupotea, na unabaki na “Não descafeinado” mara mbili bila kujua ipi imekaangwa. Nakili kila mstari, hesabu vistari uviweke katika safu yake, kisha unganisha maelezo ya mzazi na mtoto.

Halafu kuna “Other”. Kiingereza kinalitumia kwa kila kitu. Kireno kinadai jinsi na idadi: “Outro”, “Outra”, “Outros”, “Outras”. Usilitafsiri kwa kumbukumbu ya programu, maana litarudi vilevile mahali pote. Panda hadi mstari wa juu, tafuta nomino, kisha upatanishe. Ndugu zake ni vifungu vya mabaki: “n.e.c.” ya ISIC, yaani visivyotajwa kwingine, huandikwa “não especificados anteriormente” kwenye CNAE na “n.e.” kwenye CAE, kwenye HS ni “não especificados nem compreendidos noutras posições”. Kwa kawaida tarakimu 9 ndiyo makazi ya mabaki, ingawa kwenye HS 9 mara nyingi huwekewa vipuri, na mabaki yakahamia 8.

Kazi na magonjwa

ISCO-08 ina ngazi nne: “major group” 10, “sub-major group” 43, “minor group” 130, “unit group” 436, kwa tarakimu moja hadi nne. Ureno inasema “Grande Grupo”, “Sub-Grande Grupo”, “Sub-Grupo”, “Grupo Base”, na kuongeza “Profissão”. Brazili, kwenye CBO, inasema “Grande Grupo”, “Subgrupo Principal”, “Subgrupo”, “Família”, na kuongeza “Ocupação” yenye tarakimu sita. Usiandike “grupo menor” kwa “minor group”. Na “Família” ya CBO, ikirudi Kiingereza, ni “unit group”. Ukiiacha “family” bila maelezo, msomaji hataona kwamba yuko ngazi ya nne. CBO ilijengwa juu ya ISCO ya 1988, kwa hiyo misimbo yake hailingani na ya 2008: daktari wa kawaida ni 2251-25 kwenye CBO, na “unit group” yake kwenye ISCO-08 ni 2211.

Kwa magonjwa, ICD-10 ina “chapter”, “block”, “category” na “subcategory”: sura ya I, A00–A09, A00 ambayo ni kipindupindu, A00.0. Kireno ni “capítulo”, “categoria”, “subcategoria”, lakini “block” si thabiti. Brazili utakutana na “agrupamento” na “grupo”. Ona pia kwamba “categoria taxonómica” ya biolojia, yenye “ô” kule Brazili, ndiyo “rank” ya Kiingereza, ilhali “categoria” ya magonjwa ni ngazi moja mahususi. Andika kila mara jina la mfumo kando.

Tesauri: mwelekeo wa mshale

Tesauri za maktaba, yaani orodha za istilahi zilizounganishwa kwa maana, hazina majina ya ngazi, zina uhusiano. “BT”, istilahi pana zaidi, ni “TG” kwa Kireno. “NT”, finyu zaidi, ni “TE”. “RT”, istilahi inayohusiana, ni “TR”, na wengine huandika “TA”. “UF”, inayotaja istilahi isiyopendekezwa, ni “UP”, na “USE”, inayoelekeza kwenye istilahi inayopendekezwa, hubaki “USE”. Alama hizi zisibadilishwe kwa kutafuta na kubadilisha ndani ya faili zima, maana “TE” na “TR” zinakaa ndani ya maneno mengi. Funga mabadiliko kwenye safu ya alama tu.

Ukihamia data za SKOS, muundo wa kuweka tesauri kwenye wavuti, sifa “broader” husomwa “ina dhana pana zaidi”: kahawa “broader” vinywaji maana yake vinywaji ndiyo pana. Wengi husoma kinyume, na mti mzima unaota kichwa chini. Kupima ni rahisi: tafuta dhana isiyo na “broader” yoyote. Ikiwa ni mzizi mmoja au michache, uko sawa. Zikiwa mamia na zote ni vitu vidogo vidogo, umegeuza mshale.

Jenga faili lako hivi

Fungua lahajedwali, safumlalo moja kwa kila ngazi ya kila mfumo, na safu hizi: mfumo, toleo, namba ya ngazi kutoka juu, umbo la msimbo, istilahi ya Kiingereza, wingi wake, istilahi ya Kireno cha Ureno, ya Kireno cha Brazili, jinsi, wingi, na mfano mmoja wa msimbo halisi. Ureno na Brazili zitofautishwe hata pale zinapofanana. “Secção” na “seção”, “género” na “gênero” zitakukumbusha sababu. Kwa matini ya Msumbiji na Angola fuata safu ya Ureno.

Safu ya msimbo iwe matini kabla hujabandika chochote. Ukiiacha kama namba, 0901 inakuwa 901 na 0127 inakuwa 127. Ukiiacha “kawaida”, msimbo wenye kistari au mkwaju unaweza kugeuzwa tarehe. Kubadilisha umbo baadaye hakurudishi sifuri iliyopotea. Hifadhi kwa UTF-8, kisha fungua tena uone kama “ç” na “ã” zimesalimika.

Mwisho, chukua misimbo mitano kutoka kila mfumo na uishushe kutoka juu hadi chini kwa lugha zote mbili, kama tulivyofanya na kahawa. Idadi ya hatua isipolingana, ama kuna ngazi ya kitaifa isiyo na mwenzake, nayo safu yake ya Kiingereza ibaki na jina la asili, ama umechanganya matoleo. HS hurekebishwa kila baada ya miaka mitano hivi, toleo la 2017 likifuatwa na la 2022, na msimbo uliokufa huweza kuonekana mzima. Toleo jipya likija, ongeza safumlalo mpya. Za zamani ziache, kwa kuwa hati za zamani bado zinazitaja.